Kosa Lisilogongewa

Kisugu, Kampala
19 Januari 2025

Mjomba wangu Mwalimu Habib,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Nimekupigia simu mara nne wiki hii, inaita mpaka inachoka yenyewe, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Barua hii anakuletea kondakta wa basi la Bukoba. Ameapa kwamba ataikabidhi dukani kwa binti yako Jamilah kwa mkono wake, nami nimeamua kumwamini.

Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu, goti lake linatabiri mvua kuliko redio. Jirani yangu Docus amenunua bata mzinga anayefukuza bodaboda, na sasa hakuna bodaboda anayekubali kuingia kwetu, nateremka njia panda na vitabu vyangu kichwani. Nateete nilipita juzi. Pale palipokuwa chuo chako cha Kurani sasa wanauza makava ya simu, lakini kizingiti ni kile kile, nilikitambua kwa ule ufa.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nafundisha fizikia ya mwaka wa kwanza chuo kikuu, kozi ya mwendo: vitu vinavyoanguka, vinavyosukumwa, vinavyogongana. Wanafunzi mia moja na kumi na wanane. Katika mtihani wa Desemba niliwaambia waandike sheria ya kwanza, ile isemayo kwamba kitu kinachokwenda huendelea kwenda vilevile mpaka kizuiwe au kisukumwe. Waliiandika karibu wote, neno kwa neno, wengine hadi nukta. Nikaweka vema mpaka kalamu nyekundu ikakauka. Nilifurahi, Mjomba. Nilijiona mwalimu.

Jumatatu iliyopita semista mpya imeanza, nikawauliza swali la kuchangamsha baraza tu. Mtu anatembea barabarani, mwendo mmoja, hakimbii wala hasimami. Mkononi ana jiwe. Anafungua vidole huku anaendelea kutembea. Jiwe litaangukia wapi: nyuma yake, mbele yake, au ubavuni mwake, karibu na mguu? Nikawagawia vikaratasi wajibu. Mia moja na saba wamekosea. Hao hao walioiandika sheria bila kukosa herufi! Nilikaa na vile vikaratasi mezani, chai ikapoa, nikajiuliza: Desemba nilipima nini?

Na balaa halikuja peke yake. Mkuu wa idara, Dokta Tarcisio, ametuambia kila kozi iandikiwe malengo ya kujifunza upya, na kila lengo lionyeshe litapimwaje. Nikishindwa kueleza nitakavyopima, Agosti kozi anapewa mtu mwingine. Nimeipenda kozi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya, na sijui niandike nini, ila kwamba mwanafunzi "ataelewa".

Basi nakuuliza wewe. Ulikuwa hututahini kutoka mwanzo wa sura. Unatutupia nusu ya aya kutoka popote, nasi tuendelee. Tukikosea husemi kitu, unagonga ubao kwa bakora. Pigo moja, kisha kimya. Mimi nilikuwa nalia kwa kile kimya. Kwa nini hukutuambia kosa? Na ulijuaje kwamba sasa tumejua?

Jibu na lile swali la jiwe, nione.

Mpwa wako,
Nusura


Bukoba
8 Februari 2025

Mpwa wangu Nusura,

Waaleikum salaam, na marahaba nyingi, uzigawe na mama yako, ingawa yeye ni mdogo wangu na marahaba yake hajaidai miaka mingi. Kondakta wako ameiweka barua siku sita ndani ya basi, imefika inanuka dizeli na samaki. Simu yangu usiisumbue. Imezeeka kama mwenyewe. Andika, barua nazipenda zaidi.

Huku hatujambo. Jamilah duka linakwenda. Mwanawe Zahara sasa ana miaka kumi, ulimi wake mkali kama wako ulivyokuwa, Mungu amnusuru. Mvua mwaka huu ya ajabu, inanyesha kwa adabu, hata juu ya mabati haipigi kelele. Mwezi wa sita, tukijaaliwa, nahitimisha watoto wanne hapa chuoni, na Zahara ni mmoja wao. Wanne wote wamepita mbele yangu bila kugongewa hata mara moja. Sijawahi kuona.

Umenichekesha na jiwe lako. Profesa mzima unauliza jambo ambalo kila mchunga mbuzi analijua? Jiwe ukiliachia linaanguka pale pale ulipoliachia, na wewe ukiwa unatembea unaliacha nyuma. Niandikie alama zangu kwa wino mwekundu.

Sasa hilo la kugonga. Sikiliza. Nikikwambia kosa, nimelisahihisha mimi, na kesho utalirudia kwa sababu halikuwa lako hata siku moja. Nikigonga, nimekwambia jambo moja tu: rudi, kuna kitu hapo. Ukirudi ukakiona mwenyewe, nimejua una macho. Usipokiona, nimejua ulikuwa na masikio tu, kama kasuku wa marehemu babu yako aliyekuwa akiadhini saa nne asubuhi. Na sikuanzii mwanzo kwa sababu mwanzo ni mteremko, hata gari bovu linashuka.

Umesema uandike kwamba mwanafunzi "ataelewa". Ataelewa! Utamwonea wapi? Kuelewa hakuoti pembe kichwani. Andika kitu ambacho mtu akikifanya, wewe uliyekaa mbele yake unakiona.

Ungojee Ramadhani kwa wema.

Mjomba wako,
Habib bin Sufian


Kisugu
22 Februari 2025

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, na maandalizi mema ya mwezi. Mama amepata dawa ya goti. Bata mzinga wa Docus amemng'ata mhubiri, kesi iko kwa mwenyekiti wa mtaa.

Barua yako nimeisoma nimesimama getini. Umenifungua, Mjomba. Na utacheka: idara imetugawia orodha ya vitenzi vinavyoruhusiwa kwenye malengo. Taja, eleza, kokotoa, tabiri, linganisha. Na "kuelewa" wameipiga marufuku kabisa, kwa sababu haipimiki! Wewe na wakubwa wa elimu mmekubaliana bila kukutana.

Basi nimekaa siku tatu nikaandika. Lengo la kwanza: mwanafunzi ataweza kutabiri kitu kitakwenda wapi kabla hakijakwenda, na kusema kwa nini. La pili: akikabidhiwa hali asiyowahi kuiona, ataianzia katikati. La tatu nimekuibia wewe: akigongewa, atalitafuta kosa lake mwenyewe na kulionyesha. Nikaandika na kipimo: mtihani wa mdomo, dakika nane kila mmoja, uso kwa uso, alama arobaini katika mia.

Dokta Tarcisio amesoma hilo la tatu mara mbili. Akaniuliza, "Kugongewa ni kufanyaje?" Nikagonga meza yake kwa kalamu. Akaniangalia kama ninayehitaji likizo. Lakini amekubali kwa semista moja, kwa majaribio. Atakuja kuketi mwenyewe. Wakianguka wengi, au nikishindwa kuonyesha kwamba napima kweli, kozi siioni tena. Siogopi. Naogopa kidogo.

Alama zako za jiwe, sasa. Sikwambii jibu. Nakugongea.

Jambo moja dogo. Jamilah ameniambia kwa simu kwamba simu yako ni nzima, aliinunua Oktoba. Na sijakumbuka hata mtoto mmoja aliyepita mbele yako bila kugongewa. Mimi nilifika arobaini na moja, ulinihesabia. Haya, labda maji ya Bukoba yanafaa akili.

Nusura


Bukoba
17 Machi 2025, mwezi 16 Ramadhani

Nusura, mpwa wangu,

Salamu za mfungo. Sote wazima, tumbo likilia tunalinyamazisha kwa dhikri.

Nilikasirika. Nakwambia ukweli. Mimi, miaka arobaini mwalimu, nigongewe na mtoto niliyemfuta makamasi? Barua yako nikaitia chini ya mkeka siku nne. Lakini pigo ni pigo. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Jumatano, kabla ya magharibi, nikachukua kitunguu kikubwa jikoni, nikatoka uani. Nikachora mstari kwa chaki. Nikatembea kama niendavyo msikitini, nilipofika kwenye mstari nikafungua vidole, sikusimama. Kitunguu kikaanguka karibu na ndala yangu. Mstari uko nyuma, mguu wangu uko hapa, na kitunguu kiko na mimi.

Nikasema nimekirusha bila kujijua. Nikarudia. Nikarudia tena. Jamilah akatoka na mwiko mkononi, akaniona natembea uani naangusha vitunguu na saumu yangu, akaenda kumwita jirani. Sikumjali. Nilikiachia mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa kilinifuata.

Kisha nikakaa kwenye kibaraza, mpwa wangu. Nina miaka sabini na miwili. Nimeangusha funguo, tende, tasbihi, nimewaangusha hata watoto wa watu. Jambo hili limetokea mbele ya macho yangu kila siku niliyoishi na sikuliona, kwa sababu nilikuwa tayari nalijua! Sub-hanallah. Kitunguu kilikuwa kinasafiri na mimi tangu jikoni, na nilipokiachia hakuna aliyekiamuru kisimame. Si ndiyo ile sheria yako? Niliisoma kwenye barua ya kwanza nikaipita kama mlango wa jirani.

Usiku ule katika tarawehe nilishindwa kutulia. Kila nilipoinama niliwaza ni mangapi mengine yanayoanguka miguuni mwangu wakati mimi natazama nyuma.

Nipe alama sifuri, na uniombee dua.

Habib


Kisugu
18 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe ukimya. Barua ya vitunguu imekaa mkobani mwangu miezi miwili, Mama ameisoma, Docus nimemtafsiria, na wanafunzi wangu wote sasa wanakuita Mzee wa Kitunguu.

Mtihani wa mdomo umekwisha wiki iliyopita. Siku kumi na moja, mimi na wasaidizi wawili, sauti yangu imebaki kama ya jogoo mgonjwa. Chumba kidogo cha maabara, meza moja, jiwe, mpira, kigari cha magurudumu. Mwanafunzi anaingia, anachomoa karatasi, anaanzia katikati. Akikosea, nagonga meza.

Nataka nikueleze siku ya saba, kwa sababu Dokta Tarcisio alikuwa ameketi pembeni na daftari lake, na kwa sababu sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo, kwa furaha. Aliingia Opio. Baba yake ni polisi, amekulia katika kambi ya askari. Desemba alikuwa wa mwisho kabisa. Karatasi yake ilikuwa na swali la jiwe, lakini mara hii mtu yumo ndani ya treni. Akaanza kwa Kiingereza cha kitabu, akasema jiwe litarudi nyuma. Nikagonga.

Akaisoma karatasi upya. Dakika nzima. Dokta Tarcisio akaangalia saa. Opio akainuka, akachukua jiwe mezani, akatembea chumbani akaliachia. Likaanguka pale pale ulipofika mguu wake. Akaliokota, akalitazama, kisha akanigeukia mimi na kusema kwa Kiswahili cha kambini, kwa sababu alijua mimi namsikia:

"Madamu, mimi nalikuwa nafikiria jiwe nabaki nyuma sababu hakuna mutu nasukuma yeye. Lakini yeye nalikuwa natembea na mimi tangu kule mulangoni. Nikiachia, nani nasimamisha yeye? Hakuna. Hii jiwe haijui kama nimeiachia."

Nikasema endelea. Akasimama katikati ya chumba, jiwe mkononi, macho yametoka.

"Na hii dunia banasema natembea mbio sana. Basi na sisi natembea na yeye. Hii nyumba, hii meza, wewe, mimi. Ndiyo maana hatusikii! Madamu, sisi yote tumeachiwa kitambo."

Mjomba, nilishika ukingo wa meza. Hilo halimo katika silabasi yangu. Mwanadamu alichukua maelfu ya miaka kulifikia, na Opio wa kambini amelifikia kwa dakika nane, ananuka jasho la woga, mbele ya macho yangu. Nilikiona. Ulisema kuelewa hakuoti pembe, lakini siku hiyo niliona kitu kikiota. Dokta Tarcisio akaniuliza kijana kasema nini. Nikamtafsiria. Akavua miwani, akaifuta, akakaa nayo mkononi bila kuivaa.

Waliofaulu mara ya kwanza ni sitini na moja tu. Waliobaki watarudi mwezi ujao, sheria niliiandika hivyo. Uamuzi wa kozi bado. Ni nusu tu, na nusu si nyingi.

Sasa la mwisho, na hili nimeliandika na kulifuta mara tatu. Jamilah kwa fahari yake amenitumia sauti ya Zahara akisoma mbele yako, mazoezi ya kuhitimu. Ni ile sura yenye swali linalorudi na kurudi, ambapo kila mtoto huteleza, akifika kwenye swali anashika njia ya swali jingine. Nimesikiliza mara nne anavyoteleza, na kimya chako baada yake.

Mjomba, nakugongea.

Nusura


Bukoba
1 Juni 2025

Nusura,

Barua imefika. Wote wazima. Mvua imekatika. Kuhitimu ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne, watu wamealikwa, mbuzi amenunuliwa.

Msalimu mama yako.

Habib


Bukoba
15 Juni 2025

Mpwa wangu,

Sikungoja jibu lako, kwa sababu barua ile fupi haikustahili kujibiwa. Imeandikwa na mtu aliyejificha nyuma ya mbuzi.

Jana walikuja wazazi wote, na imamu, na wajomba kutoka Kagera nzima. Watoto wanne wamevaa nyeupe. Biriani inanukia. Nikaitwa nisimame niseme neno kisha niwape vyeti vyao. Nikasimama. Nikasema: "Jamani, watoto hawa hawana hatia. Mimi sijawasikia."

Wakadhani ni adabu ya kizee. Nikarudia. Masikio yangu yamekufa, nikawaambia, tangu mwaka juzi. Kwanza ndege walinyamaza, nikadhani wamehama. Kisha mvua. Kisha simu, na nikakudanganya wewe. Kisha watoto.

Unataka kujua nilivyokuwa nikiwatahini? Nilitazama midomo. Sura zote nazijua, kwa hiyo mdomo ukianza tu, moyo wangu unamalizia. Niliisikia aya nzuri, safi, kila neno mahali pake. Nusura, nilikuwa nasikia nilichokijua mimi, si walichokisoma wao. Mwanzoni nilijua kabisa kwamba nabahatisha. Baadaye nikazoea, nikajisifu kwako kwamba hawajagongewa! Na wewe Desemba ulikuwa ukisoma karatasi zile kwa akili yako mwenyewe, ukaona wanaelewa. Ugonjwa wetu mmoja, ila wewe uliuliza.

Watu walikula biriani wakitazama sahani. Baba wa mtoto mmoja aliondoka na mwanawe kabla ya chai. Vyeti nimevifungia sandukuni. Imamu amenishika mkono, akasema nisifunge chuo, lakini naona haya kuingia mle ndani. Mwalimu asiyesikia atagonga nini? Zahara hanisemeshi. Anadhani nimemwaibisha kwa makusudi.

Bakora nimeitundika ukutani.

Mjomba wako


Kisugu
29 Juni 2025

Mjomba wangu, mwalimu wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimelia, kisha nikaona fahari mpaka nikaona haya. Mama ameondoka chumbani, nikamsikia jikoni akiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Habari zangu kwa ufupi: waliorudia, thelathini na wanane wamepita, kumi na tisa bado. Dokta Tarcisio ameandika kwa wakubwa kwamba kozi ibaki kwangu, na kwamba lengo la tatu liingizwe kwenye kozi zake mwenyewe. Amenunua kijiti. Amekitia kwenye kopo la kalamu.

Sikuandikii nikufariji. Kwanza, mwambie Jamilah akupeleke hospitali, kwa mtaalamu wa masikio, na uende bila kununa. Pili, nakupa swali, na kama kawaida jibu sikwambii.

Sauti ni mtikisiko. Mtu akisoma, koo lake linatetema, hewa inatetema, mtetemo unaingia kwenye tundu la sikio, unapitishwa na vijifupa vidogo sana mpaka kule ndani kabisa ambako unasikiwa. Swali: je, lazima upite mlangoni?

Teremsha bakora. Ncha moja ibane kwa meno, kwa nguvu. Ncha ya pili mpe Zahara aishike mwenyewe, aibandike kooni pake. Ziba masikio yako yote mawili kwa vidole. Asome. Huenda usisikie kitu, inategemea palipoharibika ni wapi, na hilo pia litakuwa jibu. Lakini tabiri kwanza. Andika utabiri wako kabla hujajaribu, kama wanafunzi wangu.

Nusura


Bukoba
27 Julai 2025

Mpwa wangu Nusura,

Waaleikum salaam. Jamilah mzima. Mama yako mwambie nimeanza kula mboga. Kondakta wako nimemwambia barua hii akiichelewesha nitamlaani kwa tajwidi.

Utabiri wangu niliuandika, nauambatanisha hapa kama ulivyotaka. Umeandikwa "hakuna kitu". Sifuri ya pili.

Zahara alikataa siku nyingi. Alikuwa akipita mbele yangu uso umegeukia ukutani. Alhamisi alasiri nikateremsha bakora, nikaketi kwenye mkeka wa chuo, peke yangu, nikatia ncha mdomoni kama mbwa aliyeokota kijiti. Ule mti una ladha ya chumvi, nadhani ni mikono ya watoto wote wale, na ya Nateete pia. Nilikaa hivyo mpaka taya likauma. Mwishowe akaja. Nadhani alitaka kucheka tu. Nikamwonyesha kwa ishara: shika, weka kooni, soma. Akakaa. Nikaziba masikio.

Akaanza.

Sijui nikwambieje. Haikutoka nje. Ilitoka ndani ya fuvu langu, katikati ya kichwa, kama vile mtu amekuwa akisoma humo siku zote na mimi ndiyo kwanza nafungua dirisha. Sauti ya mtoto, nyembamba, na mikwaruzo yake, na mate yake anapomeza. Sikujua sauti yake sasa ikoje, Nusura! Miaka miwili amesoma mbele yangu na sikuijua sauti ya mjukuu wangu. Machozi yalinitoka yakateremka mpaka kwenye bakora, na sikuthubutu kuyafuta, kwa sababu nilihofia kufungua vidole.

Jumatatu iliyofuata, Jamilah akiniandikia kila neno, daktari amegonga uma wa chuma unaotetema, usio wa mezani, akauweka nyuma ya sikio, akasema ni kifupa kimoja kidogo kimekakamaa, huko ndani kabisa ni kuzima. Akasema vipo vyombo, na yupo mtu Mwanza anayepasua. Tutaona. Nilimweleza habari ya bakora, akaita wenzake wawili waje wasikilize.

Lakini nirudi Alhamisi. Zahara akasoma vizuri, akaingia ile sura yako, akafika kwenye swali linalorudi. Mara ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya nane, akateleza. Akaruka kama ulivyoruka wewe, mahali pale pale, nilipokugongea nawe ukalia.

Nililisikia. Sikumbuki kama nimewahi kufurahia kosa la mtu namna ile. Bakora ilikuwa mdomoni, kwa hiyo nikatoa mkono mmoja sikioni nikagonga ubao kwa kifundo cha kidole.

Zahara akakatisha kusoma, akanitazama, akatazama mlango. Akadhani kuna mgeni anabisha hodi. Masikini, hakujua maana yake. Hajawahi kugongewa.

Sikumwambia. Nikagonga tena.

Akatazama kidole changu. Akatazama ubao. Midomo ikaanza kwenda polepole, anarudi nyuma aya moja, anarudi mbili, anapapasa. Ilichukua muda. Jua lilihama kutoka mguuni mwangu likafika ukutani. Kisha akafika pale, nikaona macho yanakua, akasoma sawasawa, akapita, akaendelea mpaka mwisho bila kuvuta pumzi.

Alipomaliza hakuiachia ncha yake. Aliibandika kooni kwa mikono miwili, akaniambia polepole, ndani ya kichwa changu:

"Babu, leo umenisikia."

Mjomba wako,
Habib